Mwenzi wako akizama kwenye kamari: la kufanya ukiwa Kimihurura

Ikiwa mume au mke wako anabeti hadi pesa ya kodi inaisha, usikimbilie kumlipia deni. Ukilipa leo, kesho anakopa tena, na anayemkopesha ameshajua kwamba wewe ndiye dhamana. Linda kwanza chakula, kodi na karo. Pesa yako ikae kwenye MoMo yako, na ubadilishe namba ya siri, hata kama atanuna. Usitie sahihi kwenye mkopo wake.

Zungumza naye siku ambayo hajacheza, si usiku anaporudi mikono mitupu. Mtajie faranga zilizopotea. Matusi yatampa tu sababu ya kutoka tena.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa. Anzeni kituo cha afya mkitumia mituweli, mwombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ikihitajika, mtaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Ndera, iliyo humu humu wilayani Gasabo. Akikataa kwenda, nenda peke yako. Na wewe umechoka.

Kuhusu madeni na mali, ofisi ya MAJ ya wilaya hutoa ushauri wa kisheria bure. Kama mna ndoa ya serikali, beba cheti, kwa sababu mpango wa mali mliouchagua siku ile unaamua mengi.

Akikupiga au kukutishia ili umpe pesa, usingoje kikao cha ukoo. Piga 3512, namba ya polisi isiyolipiwa, au nenda Isange One Stop Center, Kacyiru, jirani tu na Kimihurura.