Nyota, tarumbeta na kamba ya kitovu

Hebu fikiria umesimama kando ya barabara, ambulensi inakupita. Ikija, king'ora kinalia kwa sauti nyembamba. Ikishakupita tu, sauti inakuwa nzito. Dereva hajagusa kitu. Mawimbi ya sauti yanabanana gari likikujia, yanaachana likiondoka. Jambo hilo hilo ndilo linalomsaidia daktari kujua kama mtoto aliye tumboni anapata damu ya kutosha, ila lilichukua zaidi ya miaka 130 kufika huko.

Mwaka 1842, mjini Prague, Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, aliwasomea wenzake andiko kuhusu rangi za nyota pacha. Alisema wimbi hubadilika kufuatana na mwendo wa chanzo chake. Maelezo yake ya rangi za nyota hayakusimama, lakini kanuni yenyewe ilisimama. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliijaribu kwa namna ya kuchekesha kidogo: aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na wanamuziki wengine wakasimama kando ya reli kusikiliza. Kweli, sauti ilipanda treni ikija, ikashuka ikiondoka.

Wakati huo, wa kumsikiliza mtoto tumboni alikuwa na masikio yake tu. Mfaransa Kergaradec alieleza mapigo ya moyo wa kijusi mwanzoni mwa miaka ya 1820, na mwishoni mwa karne hiyo Adolphe Pinard akaleta kile kipembe ambacho wakunga wetu wanakitumia hadi leo. Kipembe kinakwambia moyo unapiga na unapiga mara ngapi. Hakikwambii damu inaenda wapi. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mtoto aliyedumaa tumboni anaweza kuwa na mapigo ya kawaida kabisa huku kondo la nyuma likizidi kushindwa kazi.

Sasa tuangalie kamba ya kitovu. Ina mishipa mitatu: ateri mbili zinazotoa damu kwa mtoto kwenda kwenye kondo, na vena moja inayorudisha damu yenye oksijeni. Yaani moyo wa mtoto unasukuma damu hadi nje ya mwili wake. Mishipa midogo ya kondo ikiharibika au ikiwa michache, moyo unasukuma dhidi ya njia iliyobana.

Mtoto hakai tu akisubiri. Kazi iliyofanywa Uingereza kwa kondoo, na Joseph Barcroft kule Cambridge na baadaye Geoffrey Dawes kule Oxford, ilifungua mlango wa kuelewa damu ya kijusi. Oksijeni ikipungua, damu nyingi hupelekwa kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali. Utumbo, figo na misuli vinapunjwa. Ni kama nyumba yenye unga wa mlo mmoja: kila mtu anajua nani atakula kwanza.

Lakini kwa binadamu ungeyaonaje hayo bila kisu? Katika miaka ya 1950, kule Osaka, Shigeo Satomura alielekeza mawimbi ya ultrasaundi kwenye moyo unaodunda na kutumia kanuni ya Doppler kusoma mwendo wake. Mwaka 1977, FitzGerald na Drumm wa Dublin wakachapisha namna ya kupima mwendo wa damu kwenye kamba ya kitovu kutoka nje, juu ya tumbo la mama. Chembe za damu ndizo zikawa treni.

Grafu ndiyo iliyoleta habari. Mimba ikiwa nzuri, damu kwenye ateri za kitovu inaendelea kwenda mbele hata moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kondo likibana, mtiririko huo wa mapumziko unapungua, kisha unakatika. Hali ikiwa mbaya zaidi, damu inarudi nyuma. Moyo wenyewe ukianza kuelemewa, dalili huonekana kwenye daktasi venosasi, njia fupi inayoingiza damu ya kitovu moyoni.

Basi ukiona hivyo, unamtoa mtoto leo au unasubiri? Ukimwahi, mapafu hayajakomaa. Ukichelewa, anafia tumboni. Utafiti wa Ulaya uitwao TRUFFLE, uliohusisha wanawake 503 na kuchapishwa 2015, haukupata tofauti iliyo wazi kwa jumla kati ya njia tatu za kuamua siku ya kuzalisha. Lakini kati ya watoto waliopona, asilimia 95 ya kundi lililosubiri dalili za mwisho za daktasi venosasi hawakuwa na kasoro ya ubongo wakiwa na miaka miwili, dhidi ya 85 ya kundi lililoamuliwa kwa mapigo ya moyo peke yake. Mabishano bado yapo.

Usidhani basi kila mjamzito anahitaji kipimo hiki. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba kinapunguza vifo vya watoto kwa karibu asilimia 29 kwenye mimba zenye hatari. Kwenye mimba za kawaida faida haijaonekana. Kwa hiyo kazi ya kwanza bado ni ya mkunga na tepe yake kliniki, kugundua tumbo lisilokua. Na wewe, au dada yako, mkiambiwa mtoto ni mdogo kuliko umri wa mimba, ulizeni swali moja: damu ya kwenye kitovu inapitaje?