Shimo na Kisima: Jiwe la Fumba na Vita Dhidi ya Matende

Anayechimba choo Fumba, kusini mwa Unguja, hafiki mbali kwa jembe. Udongo ni mwembamba. Chini yake lipo jiwe la matumbawe, na fundi hulivunja pande kwa pande kwa mtaimbo mpaka shimo lipatikane. Jiwe hilo limejaa matundu na nyufa. Mvua ya masika ikinyesha haifanyi mto, inazama, na huko chini maji matamu yanakaa juu ya maji mazito ya bahari. Kinachoingia katika shimo la choo na kinachotekwa kisimani vinapita katika jiwe lilelile. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba katika ardhi ya maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, choo ni sehemu ya tiba, na mpango wa afya unaohesabu vidonge bila kuhesabu mashimo haujakamilika.

Magonjwa ya kitropiki yakitajwa Zanzibar, wengi huanza na kichocho. Kwa Fumba jiwe limekuwa rehema. Konokono anayebeba kichocho Unguja, Bulinus globosus, anataka vijito na madimbwi kama ya Mwera, Kinyasini na Chaani. Konokono wa kusini mwa kisiwa, iliko Fumba, ni ndugu yake, Bulinus nasutus, na watafiti wameonyesha kwamba hapokei vimelea vya kichocho. Lakini jiwe hilohilo linalomnyima konokono makazi linampa mbu nyumba. Culex quinquefasciatus, anayeeneza matende na mabusha, hahitaji mto wala bwawa. Anataga mayai kwenye maji machafu yaliyotuama, na shimo la choo lililofikia maji, au karo lenye ufa kwenye mfuniko, linamtosha kabisa.

Ushahidi ulio wazi kupita wote kwamba shimo ni sehemu ya tiba uko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walitia chembechembe nyepesi za polistirini katika vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe hizo zilielea na kufunika uso wa maji, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia pumzi, na mbu wapya hawakutoka. Wakati huohuo wakazi walipewa DEC, dawa ya kuua vimelea vya matende. Kabla ya kazi hiyo, karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vimelea vya matende katika damu. Baada ya miaka michache walibaki wachache sana. Mahali pengine kisiwani ambapo watu walipewa dawa peke yake, maambukizi yalipungua mwanzoni, kisha yakaanza kupanda tena. Sioni namna ya kulisoma tokeo hilo isipokuwa kwamba kidonge kilisafisha damu na shimo lilizuia isichafuliwe upya.

Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende, ivermectin na albendazole, visiwani kote, mwaka hadi mwaka, kazi iliyofanywa kwa bidii ya kuigwa. Ugawaji uliposimama, uchunguzi wa baadaye ulikuta vimelea bado vipo na dawa ikabidi irudi. Mtu anaweza kunijibu kwamba ZEST, mradi wa kutokomeza kichocho wa 2012 hadi 2017, ulilinganisha shehia zilizopewa dawa tu na zile zilizoongezewa udhibiti wa konokono au elimu ya tabia, na tofauti haikuwa kubwa. Ni kweli, nami sidharau jibu hilo. Lakini hakuna kundi lililofikia kukata maambukizi, na mradi haukupima kile ninachokidai hapa, yaani maji ya bomba na choo kizima katika kila nyumba.

Lipo jambo jingine ambalo takwimu za maambukizi hazilioni. Mama mwenye matende anatakiwa aoshe mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, apitishe kitambaa katikati ya vidole, akaushe kila mkunjo polepole, kwani kidonda kidogo tu huingiza bakteria, mguu ukawaka homa na kuvimba zaidi. Tiba hiyo haina gharama ya duka la dawa. Inataka ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi. Katika nyumba ambako dumu linabebwa kutoka mbali, ndoo ya mguu ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Na sasa Fumba inajengwa kwa kasi. Upande wa Nyamanzi unainuka mji mpya, na kandokando yake watu wananunua viwanja, wanachimba kisima pembe moja na karo pembe nyingine. Mji wa Zanzibar uliwahi kulipa deni la namna hii: kipindupindu cha 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikiandikia kitabu kizima, kiliua maelfu, na mabomba ya Sultani Barghash kutoka chemchem za Bububu yakaja baada ya makaburi. Fumba bado ina nafasi ya kutangulia. Kibali cha ujenzi kiulize maji ya karo yanakwenda wapi. Karo lijengewe sakafu isiyovuja na mfuniko usiopitisha mbu. Gari la kunyonya maji taka lipate njia ya kufika kijiji jirani cha Bweleo kama linavyofika kwenye nyumba mpya. Na sheha awe na daftari la mashimo kando ya daftari la vidonge.