Kuchakaa kwa klachi katika kuvuta karavani

Klachi huunganisha injini na giaboksi kwa msuguano wa pleti inayobanwa kwenye flaiwili. Gari likivuta karavani, pleti huteleza kwa muda mrefu zaidi kila linapoondoka, na joto huila upesi. Kinachoiua hasa ni kurudi nyuma kwenye mwinuko: rivasi ya magari mengi haina mwendo wa kutambaa, hivyo dereva hushikilia klachi nusunusu hadi harufu kali ya kuungua ijae ndani. Klachi iliyokwisha hujulikana kwenye gia kubwa: injini inavuma, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo hauongezeki. Kuhusu uzito wa karavani, nchini Uingereza dereva asiye na uzoefu wa kuvuta hushauriwa asivute karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lisilo na abiria wala mizigo.