Neno 'mwizi' lilivyonifunza uanahabari mashinani

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa uanahabari alinipigia simu akitaka kujua tofauti iliyopo baina ya 'mshukiwa', 'mtuhumiwa' na 'mshtakiwa'. Kisha akaongeza swali la pili: mbona magazeti ya zamani aliyoyasoma maktabani yaliandika tu 'mwizi' na kumaliza mambo? Nilimwambia kwamba swali la kwanza ni la sarufi na linajibika kwa dakika tano. La pili, nikamwahidi, ningelijibu hapa, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokuwa wakiandika hivyo.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa ripota wa mashinani mjini Kitale. Sikuwa na mshahara. Tulilipwa kwa inchi. Mwisho wa mwezi nilizikata habari zangu gazetini kwa makasi, nikazibandika kwenye karatasi, nikazipima kwa rula, kisha nikaituma hesabu hiyo Nairobi. Habari iliyopunguzwa na mhariri ilikuwa ugali uliopunguzwa mezani. Basi ukimwona ripota wa siku zile akirefusha habari ya mkutano wa harambee kwa kuwataja wageni wote waliohudhuria, usimcheke. Alikuwa akitafuta nauli.

Habari zisizo za haraka tulizipiga taipu na kuzituma kwa posta. Picha zilisafiri kwa basi la usiku, filamu ikiwa ndani ya bahasha mikononi mwa kondakta tuliyemwamini. Habari motomoto tulizisoma kwa simu, neno baada ya neno, naye mwenzetu wa upande wa pili akizipiga taipu. Laini zilikwaruza ajabu. "Sema tena! Ni B ya baba ama P ya posta?" Foleni ya watu nyuma yako nayo inaguna. Katika hali hiyo mtu hujifunza kupenda maneno mafupi.

Kiswahili chetu pia kilikuwa cha namna mbili. Kulikuwa na cha sokoni, ambacho Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu, Waturkana na wengineo walikutania: korti, kesi, rumande, jela. Na kulikuwa na cha gazetini: mahakama, hakimu, shahidi, wakili, dhamana, hukumu, rufaa. Msamiati huu wa pili ulitoka Pwani, ambako maneno ya Kiarabu yalikuwa yameshazoeleka katika shughuli za makadhi na katika maandishi kabla hata reli haijafika bara. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mnamo 1930 na Al-Islah mnamo 1932. Mwaka wa 1939 likaja Baraza jijini Nairobi, mhariri wake wa kwanza akiwa Francis Khamisi, naye vilevile ni mtu wa Pwani. Taifa Leo lilipoanza kutoka kila siku mnamo 1960, lilikuta msamiati wa mahakama umeshapikwa na kuiva. Kwa hivyo hatuwezi kujitetea kwamba tuliandika 'mwizi' kwa sababu lugha ilitupungukia. Maneno yalikuwepo. Sisi ndio hatukuyatumia.

Sasa niseme kisa chenyewe.

Siku moja polisi walimkamata karani wa ghala la mahindi viungani mwa mji. Magunia 12 yalikuwa hayaonekani. Nilipofika, watu walikuwa wamejaa, na kila mmoja anasema mwizi ameshikwa, mwizi ni yule. Nikamuuliza afisa wa polisi jina la mtu yule, umri wake na kijiji chake. Nikakimbilia simu. Nilisoma habari ya mwizi wa mahindi aliyenaswa, nikamtaja jina na nyumbani kwake. Siku ya pili ilichapishwa ukurasa wa ndani. Inchi nne. Nilifurahi.

Kesi yake ilipofika mwisho, mimi sikuwa mahakamani. Siku hiyo kulikuwa na harambee ya kujenga shule na mgeni rasmi alikuwa waziri, na inchi za waziri zilikuwa nyingi kuliko za karani. Baadaye nilisikia kwamba mashahidi hawakutosha, naye hakimu akamwachilia. Sikuandika chochote.

Kama mwezi mmoja hivi baadaye nikiwa hotelini nakunywa chai, mtu aliketi mbele yangu. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha mezani kwa kiganja.

"Wewe ndiye uliandika hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulinikuta nikiiba?"

"Hapana, mzee. Polisi ndio walisema."

"Polisi walisema nimeshikwa. Kuiba umesema wewe."

Sikuwa na la kujibu. Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba kazi ameshapoteza, na kwamba shuleni mwanawe anaitwa mtoto wa mwizi. Alitaka jambo moja tu. "Korti imeniachilia. Sasa andika hiyo pia, mahali pale pale."

Jioni ile ile nilipiga simu na kusoma sentensi tatu. Hazikuchapishwa. Nikazituma tena kwa posta. Kimya. Nilipouliza, mwenzangu wa makao makuu aliniambia kwamba mtu kuachiliwa si habari, na tena ukurasa umejaa. Yule mzee alirudi mara mbili kuniuliza, halafu akaacha. Niliambiwa amehama na familia yake. Sijamwona tangu hapo.

Nimesomea lugha miaka mingi baada ya siku ile, na nimegundua kwamba mzee yule, kwa kauli yake moja, alikuwa ametoa somo zima la uundaji wa nomino. Kiswahili kina njia ya kuunda nomino ya mtendaji kutokana na kitenzi kwa kutanguliza m- na kumalizia na -i, na mara nyingi konsonanti ya mwisho hubadilika. Kutokana na -pika tunapata mpishi, -jenga hutupa mjenzi, -gomba hutupa mgomvi. Vivyo hivyo -iba hutupa mwizi, au mwivi kama wasemavyo wengine. Nomino ya aina hii inathibitisha tendo. Ukisema mpishi, umesema kuna aliyepika. Ukisema mwizi, umesema kuna aliyeiba, na ni huyu hapa.

Upande wa pili zipo nomino zinazotokana na kauli ya kutendwa, zinazoishia kwa -wa. Kutokana na -shuku tunapata -shukiwa, kisha mshukiwa. Kutokana na -tuhumu tunapata mtuhumiwa, na -shtaki hutupa mshtakiwa. Hapa mambo hugeuka. Mwenye kutenda si mtu huyu tena, bali ni wengine. Wao ndio walioshuku, wao ndio waliotuhumu, wao ndio walioshtaki. Yeye ametendwa tu. Neno 'mshukiwa' linatueleza jambo kuhusu polisi, wala halituelezi lolote kuhusu magunia 12. Ndiyo maana mzee akasema: kushikwa wamesema polisi, kuiba umesema wewe.

Baina ya hayo matatu, tofauti ni ya hatua. Mshukiwa ni yule ambaye watu au polisi wana shaka naye. Mtuhumiwa ametajwa waziwazi kwamba ametenda kosa. Mshtakiwa amefikishwa mahakamani akasomewa mashtaka. Akishapatikana na hatia ndipo tunaweza kumwita kwa jina la kosa lake. Na tahadhari iko upande wa pili vilevile. Duka likivunjwa usiku na asijulikane aliyelivunja, ni sawa kuandika kwamba wezi walivunja duka, maana wizi umetokea na hakuna aliyetajwa. Siku hizi nasoma kwamba "washukiwa wasiojulikana" walitoroka na fedha. Mtu asiyejulikana anashukiwaje? Wengine nao huandika kwamba mshukiwa alimdunga mkewe kisu. Hapo neno limewekwa kama mapambo, kwa kuwa kitenzi kinachofuata kimeshatoa hukumu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya walimu wa lugha. Kitale ilipaswa kunifunza mapema kwamba si madogo, kwani mji huo uko karibu na Kapenguria. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Bildad Kaggia, Paul Ngei na Achieng' Oneko, iliendeshwa Kapenguria kuanzia mwishoni mwa 1952, na hukumu ikatolewa Aprili 1953. Baadhi yao walikuwa watu wa magazeti. Kenyatta alikuwa amehariri Muigwithania mnamo 1928, naye Oneko alikuwa na gazeti la Ramogi. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imeyafunga magazeti mengi ya Waafrika kwa kisingizio cha hali ya hatari. Hivyo waliobaki na uwezo wa kuwapa watu wale majina walikuwa hasa wale wale waliowakamata.

Tazama yaliyompata Oneko. Rufaa yake ilifaulu mnamo 1954 na hukumu dhidi yake ikabatilishwa. Je, alienda nyumbani? La. Aliendelea kuzuiliwa kwa miaka kadhaa. Mnamo 1958 naye shahidi mkuu katika kesi ile, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi alioutoa ulikuwa wa uongo. Lakini Kenyatta hakuachiliwa hadi 1961. Mahakama ilisema lake kuhusu Oneko, ila jina walilokuwa wamebandikwa wote lilikuwa limekwisha kuwa na nguvu kuliko mahakama. Silinganishi karani wa ghala na mashujaa wa taifa. Ninachosema ni kwamba nilifanya kazi mwendo mfupi tu kutoka mahali ambapo nchi nzima ilijifunza maana ya mtu kuhukumiwa jina, nami sikujifunza.

Kwa nini basi tuliandika 'mwizi'? Jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili. Kwanza, nafasi. 'Mwizi' ina herufi tano, 'mshukiwa' ina nane na 'mshtakiwa' tisa, na kichwa cha habari katika safu moja hakingoji. Pili, tuliandika tulichosikia, na umati haujui kauli ya kutendwa. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, aliyetajwa aghalabu alikuwa maskini. Mkubwa tulimwandikia 'anadaiwa' na 'inasemekana', kwa kuwa alikuwa na wakili na simu ya mkurugenzi wetu. Sarufi tuliijua vizuri sana. Tuliibagua tu.

Leo mambo yamebadilika, tena pakubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Lau kifungu hicho kingekuwepo, mzee wangu angekuja hotelini na kitu zaidi ya kipande cha gazeti. Hata hivyo, bado nasoma vichwa vya habari vinavyosema majambazi watatu wameuawa, ilhali vijana hao hawakuwahi kumwona hakimu. Walio hai wanaweza kuja na gazeti mfukoni. Wafu hawawezi.

Mwanafunzi wangu, tofauti ndiyo hiyo. Nami sentensi zangu tatu ninazikumbuka vyema. Jina la mzee sitalitaja tena, kwa kuwa nimelitaja vibaya vya kutosha, lakini habari yenyewe naiandika sasa, ingawa imechelewa mno na si mahali pale pale alipotaka. Karani wa ghala viungani mwa Kitale alishtakiwa kwa wizi wa magunia 12 ya mahindi. Mashahidi hawakutosha. Mahakama ilimwachilia huru.