Ngoro za Mbinga na Plamu za Oyama: Nani Huamua Hatima ya Mji wa Mlimani?

Katika vitabu vya historia ya dunia, ufuko wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa hupewa aya moja tu. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen iliivizia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mizinga michache ikapigwa, meli ikaharibiwa uwezo wake, na kapteni Mjerumani akagundua kwamba vita vilikuwa vimeanza Ulaya bila yeye kupewa habari. Tukio hilo hutajwa kama mojawapo ya mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu.

Ninapofundisha historia ya uchumi, huwaambia wanafunzi wapande kutoka ufukoni hapo kuelekea mashariki, hadi Milima ya Umatengo na mji wa Mbinga. Huko hakukuwa na meli, bali kulikuwa na jambo zito zaidi: watu waliokuwa wamejifunza kuishi kwa wingi juu ya miteremko mikali, na kuilima kizazi baada ya kizazi, bila udongo wao kuporomokea mtoni. Huo ni ustadi ambao mataifa mengi bado yanautafuta.

Namzungumzia kilimo cha ngoro. Simulizi za Wamatengo huunganisha kukua kwa kilimo hiki na mashambulizi ya Wangoni katikati ya karne ya 19. Wangoni walipojenga himaya zao katika nchi ya Songea, Wamatengo walibanwa milimani. Watu wengi walijikuta katika eneo dogo, na ardhi isiyoruhusu kuhamahama na mashamba. Ama walinde udongo, ama wafe njaa.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mvua zinapoelekea mwisho, kwenye Februari na Machi, nyasi za shamba lililopumzishwa hufyekwa, kisha hupangwa kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko mzima ukawa na miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi. Panapochimbwa hubaki shimo. Palipofukiwa hupanda tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua kubwa inaponyesha, maji hayapati njia ya kukimbia: hutua ndani ya mashimo, yakaacha humo udongo yaliouchukua. Magugu nayo hutupwa shimoni, yakaoza yakawa mbolea. Mzunguko mpya unapoanza, matuta na mashimo hubadilishana nafasi. Ukiutazama mlima kutoka ng'ambo ya bonde, utadhani ni sega la nyuki.

Kilimo hicho kilisimama juu ya mpangilio wa kijamii. Ardhi iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, ambao ukoo mmoja uliumiliki kuanzia kileleni hadi bondeni. Wanaume wa ukoo walikutana katika sengu, baraza ambamo watu walikula pamoja, wakafundisha vijana na kuamua mambo yao. Tusiupambe mno mpangilio huo. Kufyeka na kupanga nyasi kwa kawaida ni kazi ya wanaume. Kuchimba mashimo, ambako ndiko kuliko kugumu zaidi, ni kazi ya wanawake, kwa jembe la mkono. Anayesifia ngoro bila kutaja migongo ya akina mama wa Umatengo ameusifia nusu ya ukweli.

Watawala waliziona ngoro. Wajerumani, waliowashambulia Wamatengo huko Litembo mwaka 1902, walikuwa na hamu ya kodi zaidi ya kilimo. Lakini kufikia mwaka 1938 maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika makala za kuzisifu kama hifadhi bora ya udongo. Ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo, miaka michache baadaye, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika milima yao, mpango ambao wakulima waliupinga hadi ukazua ghasia mwaka 1955. Kwa hiyo serikali iliujua udongo, bali haikujifunza namna ujuzi unavyozaliwa. Ngoro zilidumu kwa sababu waliozichimba ndio waliozibuni.

Kisha ikaja kahawa. Ilienea Umatengo kati ya vita viwili vikuu, na katika miaka ya 1930 ukaundwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo uliojulikana kama NGOMAT. Kahawa ililipa ada za shule, ikaezeka nyumba kwa mabati, na ikaukuza mji wa Mbinga. Iliishi pamoja na ngoro bila ugomvi: kahawa ilikuwa karibu na nyumba, ngoro zilikuwa miteremkoni, kahawa ilileta fedha, ngoro zilileta chakula. Lakini hesabu ya kahawa iliandikwa kwa jina la baba, na jasho la ngoro halikuandikwa popote.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji avuke nami bahari, kwa sababu mji mdogo wa mlimani huko Japani unatusaidia kuiona Mbinga vizuri zaidi. Oyama, katika mkoa wa Oita, kisiwani Kyushu, ni mji uliobanwa na milima kama Mbinga, na mashamba yake ni finyu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sera ya taifa ilikuwa kuhimiza mpunga. Mwaka 1961 watu wa Oyama wakaamua kwamba sera hiyo haiwafai: mpunga unataka tambarare, nao hawana. Wakapanda plamu na chesnati, na kaulimbiu yao iliahidi kwamba faida itawapeleka kutembea Hawaii. Waliposhauriwa vingine, waliendelea na uamuzi wao, na ushirika wao wakautumia kusindika na kuuza mazao wenyewe. Mwaka 1979 gavana wa Oita, Morihiko Hiramatsu, aliuchukua mfano huo na mingine kama huo akaufanya mpango wa mkoa mzima, kijiji kimoja, zao moja. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, waliuiga rasmi mwaka 2003.

Oyama haikuwa na ujuzi wa udongo kuizidi Mbinga. Ilichokuwa nacho ni ruhusa ya kusema hapana na chombo chake cha kutekelezea hapana hiyo. Linganisha na kwetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha ushirika, na Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU, kilichowakopesha wakulima mbolea na dawa na kukata deni wakati wa mauzo. Lakini ushirika uliozaliwa kwa amri ulibaki ukiitazama amri. Mgao wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, ruzuku ya mbolea ikaondolewa, na MBICU ikaanguka. Mnunuzi binafsi alileta fedha taslimu lakini hakuleta mbolea ya mkopo. Bei ya dunia iliposhuka vibaya mwaka 2001, mibuni mingi ilikuwa tayari imechoka.

Nani aliyebaki kumlisha mkulima? Ngoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walifika Umatengo katika miaka ya 1990, na kati ya 1999 na 2004 wakaendesha, kwa msaada wa JICA, mradi wa maendeleo vijijini uliotumia maarifa ya wenyeji kama msingi. Katika kijiji cha Kindimba wanakijiji walijengewa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, na kamati iliyosimamia kazi ikapewa jina la sengu. Najua wasomaji wangu wengi wana shaka na miradi ya wafadhili, nami ninayo. Hata hivyo, inapaswa kutuuma kwamba wageni kutoka nchi ya milima ndio waliokuja kuuliza baraza la ukoo lilifanyaje kazi, wakati sisi tuliokuwa na maofisa ugani kila kata tulikuwa tunahubiri vipeperushi kutoka makao makuu.

Tusijidanganye pia kuhusu mwisho wa mambo. Oyama iliungana na mji wa Hita mwaka 2005, na milima ya Japani inazidi kubaki na wazee. Mbinga nayo inabadilika. Ardhi ya juu imejaa. Tangu miaka ya 1960 familia nyingi zimeteremka kwenye misitu ya miombo, ambako hulimwa matuta ya kawaida. Vijana hawapendi kuchimba mashimo, na ni vigumu kumlaumu msichana aliyemwona mama yake akiinama tangu alfajiri hadi jioni. Barabara ya lami imefika Mbinga na kuendelea hadi Mbamba Bay, makao ya wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yamo barabarani, na ufukoni kunazungumziwa bandari mpya.

Hapo ndipo swali la Oyama linaporudi. Tangu mwaka 2018 kahawa inapitia tena kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Afisa wa serikali ataniambia kwamba ushirika umefufuliwa. Nitamuuliza mambo matatu. Je, mkutano mkuu wa AMCOS unaweza kukataa agizo la wilaya na agizo likakataliwa kweli? Je, mwanamke aliyechimba ngoro na kuchuma kahawa ana jina lake katika daftari la malipo? Na kahawa ya Mbinga, ambayo kwa miongo mingi ilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi mnada wa Moshi, itapita Mbamba Bay ikiwa na thamani iliyoongezwa na wenyewe, au itapita kama makaa ya mawe, ikiacha vumbi?

Kwa wanafunzi wangu nina ombi dogo. Mnapokwenda likizo Mbinga, Litembo, Lituhi au Liuli, kaeni na bibi zenu na muandike: nyasi gani hufaa kufukiwa, mteremko gani hulimwa kwanza, sengu ya ukoo wenu ilikutana lini mara ya mwisho na iliamua nini. Mambo hayo hayamo katika maktaba yetu, na wanaoyajua wanazidi kupungua.