Betri, Kioo na Nakala: Mashine za Michezo katika Nyanda za Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho, akiisha kupanda Mau Summit na kuipita njia panda ya Londiani, hufika Kedowa, mji mdogo wa biashara kando ya barabara kuu, katika nchi ya baridi na mvua nyingi. Historia iliyozoeleka ya upande huu ni ya reli iliyofika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwaka 1901, na ya makampuni yaliyoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Nayo ni historia yenye uzito, maana iligawa ardhi na kuhamisha watu. Iko hata hivyo historia nyingine, ndogo kwa umbo na adimu vitabuni, ya mashine za michezo zilizoshikwa mikononi mwa watoto na vijana wa nchi hizi, ambazo aghalabu zilikuwa nakala za kazi ya mafundi wa mbali. Naiona inastahili kuandikwa, kwa sababu mtu atakaye leo kununua mashine ya nakala ili acheze michezo ya mkononi ya zamani hushawishiwa kwa majina na idadi, ilhali yaliyopita yanamfundisha kutazama kwanza mambo mawili: betri na kioo.

Sehemu kubwa ya asili ya michezo hiyo ni Kyoto, Japani, ambako Gunpei Yokoi, fundi wa kampuni ya Nintendo, alibuni vijimashine vya Game & Watch vilivyotoka mwaka 1980, kila kimoja na mchezo wake; kisha tarehe 21 Aprili 1989 kampuni hiyo ikatoa Game Boy, iliyopokea kaseti za kubadilishwa. Hikima ya Yokoi ilikuwa kuvichukua vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, na kuvitafutia matumizi mapya. Kwa hiyo Game Boy ilikuwa na kioo kisicho rangi wala taa, chenye nukta 160 kwa 144, nayo ilitosheka na betri nne ndogo kwa zaidi ya saa kumi. Mshindani wake, Game Gear ya Sega, iliyotoka mwaka 1990, ilijaliwa rangi na mwanga wa ndani, lakini ilimaliza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Wanunuzi wakaamua: Game Boy na mdogo wake wa rangi ziliuzwa pamoja zaidi ya milioni 118, na mchezo ulioifungulia Game Boy milango ng'ambo ulikuwa Tetris, uliotungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov.

Hapa Kenya mashine hizo za asili zilifika kwa wachache. Hadi mwanzo wa miaka ya 1990 bidhaa za kigeni ziliagizwa kwa leseni, na fedha za kigeni zilidhibitiwa na serikali. Vizuizi hivyo vilipoondolewa, bidhaa ndogo za umeme zikapata njia pana kutoka Dubai na Hong Kong hadi Eastleigh na Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kutoka huko zikapanda na wachuuzi hadi masoko ya bara. Miongoni mwazo ilikuwamo Brick Game, kijimashine cha plastiki kilichoyachukua matofali ya Pajitnov na kuyaangusha katika kioo cha miraba 10 kwa 20, bila kaseti na bila jina la fundi aliyekiunda. Usoni kiliandikwa kuwa kina michezo 9999, na ukweli ni kwamba michezo yenyewe ilikuwa michache, ikirudiwa kwa kubadilishwa kasi na daraja. Wako pia walioijua ile TV game, nakala ya Famicom, mashine ya sebuleni ya Nintendo ya mwaka 1983, lakini hiyo ilidai televisheni na stima, na stima ilichelewa: mpango wa serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973, na nyumba nyingi za mashambani zilikuwa zingali zikingoja ulipoanza mradi wa Last Mile mwaka 2015.

Betri, kwa upande wake, ilikwisha kufika zamani. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014, kiliunda betri kubwa za tochi na redio, na biashara hiyo ilizoesha maduka ya vijijini kuweka betri rafuni pamoja na sukari na mafuta ya taa. Zile ndogo nazo zikapita njia iyo hiyo. Kioo cha Brick Game hakikuwa na taa, kwa hiyo kilisomeka mchana hata juani, na kwa kukosa taa kilitumia umeme kidogo mno. Ndiyo sababu naamini kwamba haikuenea kwa urahisi wa bei peke yake, bali kwa kuwa iliirithi hikima ya Yokoi: ilihitaji kidogo, na hicho kidogo kilipatikana jirani.

Baada yake ikaja simu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilibeba mchezo wa nyoka pamoja na tochi, na betri yake, BL-5C, ikawa ya watu wote: simu nyingine zikaitumia, redio ndogo zikaundwa kuipokea, mafundi wakaiweka akiba. Mashine ya mkononi iitwayo Sup, yenye michezo 400, imenufaika na urithi huo, kwa kuwa nayo hutumia betri hiyo hiyo. Lakini mnunuzi na ajue kwamba Sup ina umbo la Game Boy na moyo wa Famicom. Iliyomo ni michezo ya mashine ya sebuleni, wala kaseti ya Game Boy haiingii humo.

Sheria nayo ilipata kusema neno lake juu ya nakala. Ilipoingia tarehe 1 Oktoba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu ghushi zizimwe, nazo zilikaribia milioni 1.9. Hapo twajifunza kupambanua. Kitu kilichovaa jina la mwingine ili kiaminiwe ni udanganyifu. Kilichotoka kwa jina lake chenyewe, kikafanya kazi ya mashine isiyoundwa tena, kina heshima yake. Michezo ni jambo la pili: ile inayojazwa kwa maelfu katika kadi za kumbukumbu aghalabu haina idhini ya wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inawalinda. Wako watunzi huru ambao hata leo huandika michezo mipya ya Game Boy na kuitoa kwa hiari yao. Aanzaye kwao huanza kwa uhalali.

Mashine za zama hizi, kama za Anbernic, Powkiddy na Miyoo, zilizotanguliwa na Dingoo A320 ya mwaka 2009, ni kompyuta ndogo ziendeshazo programu za kuiga. Hapo kioo ndicho cha kupimwa kwanza. Picha ya zamani hupendeza nukta zake zikikuzwa mara kamili, bila sehemu ya nukta kuzidi wala kupungua: kioo cha 640 kwa 480 huikuza picha ya Game Boy mara tatu, ikawa 480 kwa 432, na kando zikabaki nyeusi kidogo; bali picha ya Game Boy Advance ya mwaka 2001, ambayo ni 240 kwa 160, hukuzwa humo mara mbili tu na kuacha nafasi kubwa tupu, ilhali kioo cha 720 kwa 480, kama cha Anbernic RG34XX, hujazwa nayo mara tatu barabara. Kwa upande wa betri naipendelea Miyoo Mini, ambayo betri yake hutolewa bila bisibisi, kuliko mashine zenye nguvu zaidi ambazo betri zake zimefungiwa ndani. Maana betri ya lithiamu huchoka baada ya miaka michache, na mkulima ambaye fedha yake ya ziada huja pamoja na bonasi ya chai, mara moja kwa mwaka, hana wasaa wa kulirekebisha kosa la ununuzi mwezi ujao.

Wako wadhanio kwamba waliocheza nakala hawana sehemu katika historia ya michezo hii. Mimi siafiki. Aliyeyapanga matofali ya Pajitnov katika kijimashine kisicho na jina alitumia akili ile ile aliyoitumia mwenye Game Boy ya Kyoto, tena alijifunza elimu ambayo mwenzake hakuihitaji, ya kukipima kitu kwa betri iliyopo dukani na kwa fundi aliye karibu. Elimu hiyo ni mali ya watu wa nyanda za chai, na atakayeiandika historia yao ana wajibu wa kuiweka mashine hii katika daraja moja na redio na baiskeli. Mwenye Brick Game iliyosahauliwa sandukuni asiitupe: aziondoe betri zilizovuja, asafishe kutu, atie mpya, aijaribu, kisha aandike pembeni ilinunuliwa wapi, mwaka gani, na kwa bei gani.