Nani Kashusha Sauti ya Bibi?

Ukisikiliza vipindi vya historia kwenye redio zetu utagundua kitu kimoja. Mzee anaanza kusimulia kwa Kipogoro au Kindamba, unasikia maneno matatu manne hivi, kisha sauti yake inazama taratibu, na juu yake inapanda ya mtangazaji kwa Kiswahili kilichonyooka: mzee anasema kwamba... Mzee bado anaongea. Ukitega sikio unamsikia kwa mbali, amefunikwa na tafsiri ya maneno yake mwenyewe.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikirekodi wazee wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero. Ukiondoa bodaboda na vikombe vya chai, kazi kubwa ni kukaa mbele ya kompyuta kupandisha na kushusha sauti. Watu wanadhani hilo ni jambo la mafundi tu. Mimi naona lina historia yake.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipita Tanganyika na mitambo yake. Alikuwa na tabia ya kushika maiki mkononi. Wimbo ukiendelea, anaisogeza kwa mwimbaji, anairudisha kwenye ngoma, anaipeleka kwa waitikiaji. Ukubwa wa kila sauti uliamuliwa palepale na mkono wake. Tunaposikiliza rekodi zile leo tunasikia ngoma, sawa, lakini tunasikia pia masikio ya Tracey, kile alichoona kinafaa kuwa mbele.

Baadaye kazi hiyo ikahamia studio. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam bendi ilikuja nzima, inapiga kwa pamoja, na fundi mitambo anacheza na vitufe vyake huku tepu inazunguka. Kufifisha mwisho wa wimbo kulitaka mkono mtulivu, maana ukiteleza unarudia. Na wenye santuri ndogo za Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro wanaijua adha yake: upande mmoja haukutosha wimbo mrefu, basi ukakatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Unafika karibu na chemko, miguu imeshaanza kukuwasha, sauti inafifia. Geuza sahani! Kwa vijana wa leo hiyo ni kama hadithi ya kutungwa.

Sasa kuna Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000. Juu ya wimbi la sauti unachora mstari, unaweka vinundu. Ukivuta kinundu kimoja chini, sauti inaanza kushuka kutoka kinundu kilichotangulia, ikishapita hapo inapanda tena kuelekea kinachofuata. Punguza desibeli 6 na kimo cha wimbi kinabaki nusu. Ukikosea unafuta, hakuna wembe wala gundi ya kuungia tepu. Wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu mkono wa Tracey ulionekana na kila aliyekuwepo pale uwanjani. Wangu hauonekani.

Nieleze kwa mfano mmoja. Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilifika bondeni. Wambunga waliivamia kambi ya Wajerumani Ifakara, na tarehe 30 mwezi huo wapiganaji wakaishambulia boma ya Mahenge, wakapokewa na bombomu. Si wote waliopigana upande mmoja. Mtema Kiwanga wa Wabena alisimama na Wajerumani. Miaka 30 baadaye, 1935, Waingereza wawili, A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick, walitoa kitabu kuhusu Wabena wa bonde hili, Ubena of the Rivers, na ndani yake kuna sura ya Mtema Towegale Kiwanga. Ni jambo zuri, na kwa wakati ule si dogo. Ila angalia mpangilio: wageni wamepewa kitabu, mtema kapewa sura, na raia wake wa kawaida wanasikika kwa mbali kabisa.

Bibi mmoja niliyemrekodi alikuwa na habari za vita hivyo alizopewa na bibi yake. Alisimulia kwa nguvu, anapiga makofi, anacheka. Alipofika kwenye nani alikuwa upande gani, na ukoo gani ulikimbilia kwa nani, akashusha sauti. Hakuwepo mtu mwingine uani. Nikamwuliza, "Bibi, mbona unanong'ona?" Akaniangalia tu, akaendelea vilevile.

Kwenye kompyuta kile kipande ni kama uzi mwembamba. Mazoea yanasema pandisha, msikilizaji wa kwenye daladala asikose neno. Nikapandisha kidogo kujaribu: vyura wa mashamba ya mpunga wakapanda naye, wakammeza. Kuna pia kitufe cha kusawazisha kila kitu, makofi na mnong'ono vikawa kimo kimoja. Hapo maneno yote yangesikika vizuri, na msikilizaji asingejua kamwe kwamba zaidi ya miaka 100 baada ya vita, kuna sehemu ya habari hii ambayo bado inasemwa chini chini. Kunong'ona kule ni ushahidi, tena pengine ndio wenye uzito kuliko majina yenyewe.

Basi nilichofanya ni hiki. Majina ya koo niliyaondoa, hayo ni ya kwao. Mnong'ono nimeupandisha desibeli 4, usikike lakini ubaki mnong'ono, na vyura wao wamo. Tafsiri ya Kiswahili nimeiweka baada ya bibi kumaliza sentensi, si juu yake. Kipindi kimerefuka karibu dakika mbili. Rekodi ya awali ipo kwenye diski mbili tofauti, haijaguswa.

Mhariri alipousikia akaniuliza kama maiki ilikuwa mbovu pale katikati.

"Hapana," nikamwambia. "Ni bibi."